Natafuta gereji ya MOT Coventry, isiyoibua magonjwa mapya

Kutoka: Coventry
27 Oktoba, usiku

Wapendwa, habari za usiku. Samahani kwa barua ndefu, nimetoka zamu sasa hivi na usingizi umegoma.

MOT ya gari langu, ule ukaguzi wa lazima wa kila mwaka huku Uingereza, inakwisha tarehe 20 Novemba. Ni kigari kidogo cha petroli cha mwaka 2013, nilikinunua mwaka jana kwa mtu binafsi. Mwezi wa tisa nilikipeleka gereji moja karibu na kazini, kubadilisha oili tu. Haikupita saa nikapigiwa simu: shokapu mbili za mbele zimekwisha, disiki za breki zimekwisha, jumla pauni 640, na "bila hivyo, mpenzi, haitapita MOT" (huku kila mtu ni mpenzi). Nikasema ngoja nijipange. Tangu siku hiyo kila nikipita kwenye tuta nasikia sauti, sijui ni ya shokapu au ya moyo wangu.

Magari siyajui. Najua kuweka mafuta na kuosha. Na nimeshaona kwamba nikiingia gereji, mwanamke, na lafudhi yangu hii, bei inapanda kabla boneti halijafunguliwa. Mwenye kumjua fundi mwaminifu Coventry, au hata Rugby na Nuneaton, naomba anielekeze. Na nikifeli je, gari linabaki hukohuko? Wiki hiyo nina zamu sita, na basi la saa kumi na moja alfajiri halipo.


Kutoka: Leicester
28 Oktoba

Pole dada. Ninayemtumia mimi ni mtu safi kabisa, ila yuko Leicester na foleni yake ni wiki tatu. Ngoja mzee wa Slough aamke, haya ndiyo mambo yake.


Kutoka: Slough
28 Oktoba

Nimeamka.

Binti wa Coventry, kabla hujauliza gereji, liulize gari lenyewe. Ingia GOV.UK, tovuti ya serikali, sehemu ya historia ya MOT, andika namba ya gari. Ni bure. Utaona kila ukaguzi liliofanyiwa: tarehe, maili zilizosomeka siku hiyo, lilifeli kwa nini, na mpimaji aliacha maonyo gani hata lilipopita. Hilo ndilo faili la mgonjwa, na unajua hakuna daktari anayeanza kukata kabla ya kusoma faili. Shokapu na disiki mara nyingi hazifi kwa siku moja. Mpimaji wa mwaka jana huwa ameshanusa kitu, akaandika disiki zimeanza kulika au shokapu inavuja kidogo. Faili likiwa safi haimaanishi yule wa gereji ni mwongo, maana mwaka ni mrefu na mashimo ya barabara za siku hizi tunayajua. Inamaanisha una haki ya kumwambia: nionyeshe.

La pili, na hili ndilo nimekuwa nikiliimba humu kila mwaka: mtenganishe anayepima na anayetengeneza. Kaunsili nyingi, yaani halmashauri za miji, zina vituo vyao vya MOT. Wanakagua vigari vyao na teksi za mji, lakini wananchi nao wanapokelewa, sema hawajitangazi. Wengi wao hawafanyi matengenezo ya magari ya watu. Yule mpimaji akikuambia shokapu imekufa, hana shokapu ya kukuuzia. Akikuambia ni nzima, pia hapotezi kitu. DVSA, ile mamlaka inayosimamia MOT, huchapisha orodha ya vituo vyote vilivyoidhinishwa. Tafuta humo vilivyo karibu nawe vyenye jina la kaunsili, ukikosa cha Coventry angalia miji jirani. Mimi huenda mbali kidogo kila mwaka na sijutii mafuta.

Ukiamua gereji ya kawaida, angalia ukutani: kituo halali kina alama ya pembetatu tatu nyeupe kwenye bluu, na bango la ada. Ada ya juu kabisa kwa gari kama lako ni pauni 54.85, haiongezwi kodi ya VAT. Wengi hutoza chini ya hapo na si dhambi. Lakini ukiona mtu anatangaza MOT kwa bei ya chipsi na samaki, jiulize faida yake ataipata wapi. Ataipata kwenye shokapu zako.

Una haki pia ya kukaa sehemu ya kutazamia uone wanavyokagua, ilimradi usimwingilie mpimaji kazini. Nenda, kaa, hata kama huelewi. Mtu akitazamwa hunyooka.

Tarehe: usingoje ya 20. Unaweza kupima mwezi mmoja kasoro siku moja kabla ya kuisha na tarehe yako ya mwakani ikabaki ileile. Kwako dirisha lilifunguka 21 Oktoba. Kwa hiyo hata kesho si mapema.


Kutoka: Milton Keynes
28 Oktoba

Kuna jamaa hapa watu wanasema anatoa cheti gari likiwa nyumbani kwako. Unampa namba tu. Sijamtumia, nasema tu maana dada ana haraka.


Kutoka: Slough
28 Oktoba

Milton Keynes, hilo futa kabisa, na usilirudie humu. Kuna wapimaji wameburutwa mahakamani kwa mchezo huo. Cheti siku hizi si karatasi, ni rekodi kwenye kompyuta ya serikali, na jina la kituo liko palepale. Siku breki zikikataa ukamgonga mtoto wa mtu, utamweleza nani kwamba gari lilipimwa likiwa uani kwako?


Kutoka: Birmingham
29 Oktoba

Mzee shikamoo. Nakuheshimu sana lakini leo umetupaka matope sisi mafundi wote kwa brashi moja. Mimi niko chini ya magari nchi hii miaka 14, na napima MOT pia, kwa hiyo niruhusu nijitetee kidogo.

Kituo cha kaunsili ni kizuri kwa hukumu. Lakini hukumu ikiwa mbaya, dada anabaki na karatasi mkononi na gari bovu, na bado atamtafuta fundi. Gereji inayopima na kutengeneza, ukiliacha gari hapo likatengenezwa ndani ya siku 10 za kazi, kupimwa tena ni bure. Ukiliondoa ukalirudisha kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata, ni bure pia, ila kwa orodha maalumu ya vitu vidogovidogo kama taa, waipa, honi, matairi, mikanda. Ukichelewa zaidi ya hapo lakini ndani ya zile siku 10, wanaweza kukutoza sehemu ya ada. Zikipita, unaanza upya na unalipa yote.

Fundi mwaminifu hutambulikana kwa mambo machache. Hagusi kitu kabla hajakupigia. Anakuandikia bei. Na ukimwambia naomba unihifadhie spea za zamani nizione, hanuni. Anayenuna, chukua ufunguo wako.

Sasa dada, jibu la swali lako ambalo mzee ameliruka, kama ukifeli gari linabaki hukohuko. Tangu Mei 2018 kasoro zimegawanywa. Kuna onyo la ushauri: gari limepita, lakini fuatilia. Kuna kasoro ndogo: limepita, tengeneza mapema. Kasoro kubwa: limefeli. Na kasoro ya hatari: limefeli na usiliendeshe hata hatua moja hadi litengenezwe. Watu wengi hudhani ukifeli tu gari linafungwa. Si hivyo. MOT yako ya zamani ikiwa bado hai, na hakuna kasoro iliyoandikwa ya hatari, na gari liko katika hali ya kufaa barabarani, unaweza kuondoka nalo ukaenda kutengeneza unapotaka. Ndiyo maana kwenda mapema ni akili. Ikishakwisha tarehe 20, safari zinazokubalika ni mbili tu: kwenda kupima kwa miadi uliyokwisha kuweka, au kwenda kutengenezwa. Nje ya hapo faini inafika pauni 1,000, na kamera za barabarani zinasoma namba usiku na mchana.

Halafu fanya kitu ambacho wateja wangu nusu hawafanyi. Siku moja kabla, zunguka gari lako. Washa taa zote, mtu asimame nyuma wakati unakanyaga breki. Usisahau kitaa kinachomulika namba ya nyuma, hicho ndicho adui. Jaza maji ya kuoshea kioo. Chupa ikiwa tupu unafeli kwa maji ya bomba tu. Piga honi. Vuta kila mkanda hadi mwisho. Chukua sarafu ya peni 20, ichomeke kwenye mfereji wa tairi: ukingo wake wa nje ukizama wote uko salama, ukionekana nenda ukapimiwe, maana sheria inataka milimita 1.6. Na taa ya injini, ya breki za ABS au ya mto wa hewa ikikaa inawaka kwenye dashibodi, usije kabisa, umeshafeli.

La mwisho: MOT si sevisi. Mimi nikikupima sifungui injini, siangalii klachi wala giaboksi. Nimepitisha gari asubuhi, likakata mkanda wa injini jioni, na mteja akaja kunipigia kelele. Kupita MOT maana yake siku ile, saa ile, halikuwa na cha kumdhuru mtu barabarani kati ya vile tunavyotakiwa kuangalia. Basi.


Kutoka: Belfast
29 Oktoba

Mnabahati nyie wa kuchagua. Huku Northern Ireland hakuna gereji ya MOT hata moja, ni vituo vya serikali tu, na gari linaanza kupimwa likifikisha miaka minne, si mitatu kama kwenu. Wageni wanaohamia huku wakisoma ushauri wenu wanazunguka mitaani kutafuta pembetatu tatu.


Kutoka: Slough
29 Oktoba

Birmingham, marahaba. Umejitetea vizuri na yote uliyosema ni kweli. Nisingekuwa Slough ningeleta gari kwako. Lakini binti hajui aliyemwambia 640 ni wewe au ni pacha wako asiye na aibu, na hawezi kujua kwa kumtazama usoni. Kwa anayejua fundi wake, sawa. Kwa mgeni, hukumu kwanza, fundi baadaye.

Nyongeza moja: ukifeli na huamini, kuna rufaa. Unajaza fomu VT17 ya DVSA ndani ya siku 14 za kazi, unalipa ada tena, wanakuja kupima wenyewe, na ukishinda unarudishiwa yote au sehemu. Sharti ni usiguse gari. Ukishatengeneza umeharibu ushahidi wako.


Kutoka: Coventry
8 Novemba

Shikamoo mzee, na kaka wa Birmingham asante sana. Narudi na majibu.

Faili lilikuwa la kusisimua kuliko nilivyotegemea. Kumbe aliyeniuzia alifeli mara mbili mfululizo kwa matairi, mwaka 2019 na 2020. Ningejua kabla ya kununua ningemkata bei. Kuhusu shokapu, hakuna neno mwaka wowote. Disiki: onyo moja mwaka jana, "zimeanza kuchakaa", basi.

Nilipata kituo cha kaunsili, si cha hapa mjini, mwendo wa nusu saa. Kilivyofichika! Kiko nyuma ya yadi ya malori, nimekipita mara mbili. Hakuna kahawa wala zulia. Mpimaji ni mtu mzima asiyecheka. Nilikaa kwenye kiti cha kutazamia kama mzee alivyoagiza, akanitupia jicho mara moja akaendelea. Alibonyeza kila kona ya gari kwa mikono, akachungulia chini kwa tochi, akapeleka magurudumu kwenye roli za breki.

Nikafeli.

Kwa kitaa cha namba ya nyuma. Kaka wa Birmingham, usicheke. Nilizunguka gari lote usiku ule, nikapiga honi hadi jirani akafungua dirisha, nikasahau hichohicho ulichonionya. Shokapu: hakuandika kitu. Nikamuuliza kwa mdomo, akasema, "Ningeona zinavuja ningeandika." Disiki: onyo la ushauri, maneno yaleyale ya mwaka jana. Na onyo jipya, matairi ya mbele yanakaribia mwisho.

Balbu nilinunua pauni 3, mpwa wangu akaifunga kwenye maegesho huku namwangazia kwa simu, kesho yake mchana nikarudi. Dakika kumi, bure, limepita. Tarehe yangu ya mwakani imebaki 20 Novemba.

Ile gereji sijarudi kuwaambia kitu. Labda waliona kitu kweli, labda hapana. Lakini pauni 640 zangu ninazo, isipokuwa sasa kuna haya matairi mawili. Kwa hiyo swali jipya: nani anajua duka la matairi Coventry ambapo sitaitwa mpenzi kabla ya kupewa bei?