Riwaya ya mwanamke anayeishi tu, bila kugeuzwa somo, tunazo kwa Kiswahili?

Msomaji_wa_Pantoni:

Habari zenu wadau. Naomba niulize na naomba msinicheke. Hivi ni mimi peke yangu ninayependa riwaya ambayo mtu akikuuliza "inahusu nini" unabaki unajiumauma, maana ukweli inahusu mwanamke fulani tu, anaishi, ana watoto, ana mume au hana, ana shoga yake, ana hasira zake za kimyakimya, basi. Hakuna maiti ukurasa wa kwanza, hakuna mpelelezi, hakuna mkoba wa dola.

Tuna kikundi chetu cha kusoma, tuko kumi na moja, tunakutana Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa zamu. Mwezi uliopita ilikuwa kwangu, nikapika pilau, na kitabu nilichowachagulia ni Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, ile tafsiri ya Kiswahili, chembamba hata hakichoshi mkono. Basi wamekuja, wamekula, mpaka ukoko wa sufuria umeisha, tukaanza mjadala, wa kwanza kufungua mdomo akasema dada pilau tamu lakini kitabu mbona hakuna kinachotokea, mama wa watu kakaa ndani anaandika barua tu. Wakacheka, na mimi nikacheka, ila mpaka leo linanikaa hapa kooni.

Maana mimi nilivyokisoma vimetokea vingi mno. Ramatoulaye kafiwa na mume, yuko eda miezi minne na siku kumi, anamwandikia rafiki yake wa tangu utotoni, Aissatou. Na huyo marehemu Modou alishamwacha miaka kadhaa nyuma akaenda kuoa msichana rafiki wa binti yao! Siku anayooa hakuja kusema mwenyewe, kawatuma imamu, kaka yake na rafiki yake, wamekaa sebuleni wanazunguka wee, Mungu akipenda hivi, mwanadamu hana ujanja, mpaka neno likatoka. Na yeye kafanya nini? Katabasamu. Kawashukuru. Hakutaka watoke pale wakasimulie walivyomwona anaanguka. Hiyo sehemu niliisoma nikiwa kwenye pantoni naenda Kigamboni, watu wameshashuka wote mimi bado nimekaa, mpaka yule kijana wa kamba akaniuliza mama unarudi nayo?

Halafu baada ya kuachwa kuna pale anaanza kupanga foleni mwenyewe kulipia bili, anaanza kwenda sinema peke yake, mama mtu mzima wa watoto kumi na wawili, watu wanamkodolea macho, wiki nyingine anakwenda tena. Kwangu mimi lile ni tukio kubwa kuliko risasi.

Sasa swali. Kwa Kiswahili tuna nini cha namna hii? Na sio zile mwanamke anateseka mwanzo mwisho ili tujifunze, au anapotoka anakufa ili tujifunze. Nimechoka kujifunza jamani.


chai_ya_rangi:

Weh, umegusa mahali. Mimi niko Kenya, Utengano ya Said Ahmed Mohamed tuliisoma kama setibuku, yaani kitabu cha mtihani, na ilichukua miaka kama kumi baada ya shule ndio nikajua kumbe ni riwaya. Sikuwa najua! Nilidhani ni orodha ya maswali. Eleza sifa sita za Maimuna. Fafanua maudhui ya ulevi. Maimuna akitoroka nyumbani unaandika "ni jasiri", akianza pombe unaandika "ni mpotovu", alama moja moja, unafunga kitabu unaenda lunchi.

Juzi tu nikakiona kwa wauza vitabu vya mtumba wanaotandaza chini, nikakinunua kwa hasira zangu za zamani. Aki nilishangaa. Msichana amefungiwa ndani ya nyumba na babake maisha yake yote, halafu usiku mmoja anatolewa nje kwenda kuona watu wakicheza. Hebu fikiria hicho kitu bila kuweka alama. Sauti tu peke yake, mtu ambaye hajawahi kusikia kelele za nje kwa karibu. Hapo mwalimu wetu alituambia tuandike "mbinu ya taharuki" tukasonga.

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba pengine tunavyo, ila tulivisomea vibaya.


Mwalimu Mstaafu:

Mwanangu, shikamoo zako nimezipokea hata kama hukuziandika.

Naona hapo juu umesema "anapotoka anakufa ili tujifunze" na najua unamsema nani bila kumtaja, unamsema Rosa. Riwaya ya Rosa Mistika ilitoka mwaka 1971, mwandishi wake marehemu Kezilahabi alikuwa kijana wa miaka 27 tu, na ilipigwa marufuku mashuleni kwa muda kabla ya kurudi kufundishwa. Sasa jiulize, kama ni kitabu cha kuwaonya wasichana, kwa nini wakubwa walikiogopa? Kitabu cha maonyo wangekigawa bure kanisani.

Mimi nimekifundisha miaka mingi na nikwambie nilichokiona. Wasichana wangu hawakuwa wanaulizia Rosa amekosea wapi. Walikuwa wanaulizia Zakaria. Yule baba mlevi wa Rosa anayempiga mtoto kwa sababu ya barua ya mvulana, karibu amtoe roho kwa ajili ya karatasi, na mama Regina yupo pale hana la kufanya. Kila mwaka lazima awepo msichana mmoja anabaki darasani wenzake wakitoka, anajifanya anafuta ubao. Sitasema zaidi ya hapo.

Mwandishi alitoka Ukerewe, kijiji cha Namagondo, na Namagondo ndiyo iliyomo kitabuni, hakwenda mbali kumtafuta Rosa. Kwa hiyo mimi sikubali kwamba Rosa ni somo. Mwisho wake nakubali una ukali, hapo sibishani na wewe. Ila katikati ya kitabu yule ni mtu.


Mwana wa Kikwajuni:

Nyinyi nyote mnazunguka tu, mtu mwenyewe yupo na jina lake Mwajuma 😂

Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, 1999. Watu wote wanamzungumza Yasmin, msichana wa Kihindi kaozwa miaka 15 kwa Bwana Raza mwenye duka, umri wa baba yake, haya, mapenzi na Denge na siasa za kupinga ukoloni, na filamu ikaja 2021 nayo nzuri tu sina neno. Lakini mie nilipokuwa nikisoma nilikuwa nikimngojea Mwajuma. Yasmin kamkimbia mume, ndugu zake mwenyewe hawamtaki tena, nani kampokea? Jirani. Si mamaake, si mjomba, jirani, tena si kabila moja wala si tabaka moja. Kampokea kwa vicheko na maneno yake yale, hakumuuliza kwanza kosa la nani. Mwajuma hajaolewa na hamlilii mtu, ngoma anacheza, akipenda kapenda akichoka kachoka, na mwandishi wallahi hakumtia adabu. Nilikuwa nikifungua kila ukurasa nasema sasa atakufa, sasa atapata ugonjwa, sasa atatubu. Hakutubu kitu!

Sasa kitabu kizima cha Mwajuma peke yake nani ataniandikia. Anaamka, anachemsha chai, anakwenda zake shughulini usiku, anarudi. Mie nanunua nakala mbili.


Msomaji_wa_Pantoni:

@Mwalimu shikamoo baba, samahani sana, marahaba ilitangulia salamu yenyewe leo 🙈 Nakubali kuhusu Zakaria. Nitarudia kukisoma. Ila hilo la mwisho kuwa mkali naona ndio linanifanya nikumbuke mwisho tu na kusahau katikati.

@Mwana wa Kikwajuni umenimaliza. Mwajuma! Kweli kabisa, nilimpenda halafu nikamsahau kwa sababu yeye sio "mhusika mkuu". Chai_ya_rangi hapo shule wangekwambia Mwajuma ni mhusika msaidizi, alama moja.


fundi_wa_usiku:

Mimi ni mwanaume, nikipigwa nipigwe.

Hao wa kikundi chako wana hoja dada. Kitabu hicho cha barua nimekisoma, mke wangu alikiacha kitandani, na nilikipenda, lakini kurasa za mwanzo nilisinzia kusema kweli. Mtu kukaa anawaza sio hadithi. Mtu kukaa anawaza huku kuna kitu anakitaka na hakipati, hapo sawa. Huyu mama alianza kunishika pale shemeji yake Tamsir alipokuja siku ya arobaini, mume hata udongo haujakauka, anamwambia ukitoka eda nakuoa mimi. Na tena ana wake wengine wanaojilisha wenyewe na kumlisha na yeye! Mama akamrudi. Miaka thelathini kanyamaza, siku hiyo akatema yote. Nilikaa kitandani wima. Sasa hiyo imetokea, na imetokea kwa sababu kuna mtu kaingia mlangoni na jambo lake.

Ukiwataka wenzako waelewe uwape kwanza kitu chenye vyote viwili. Kama mnasoma na Kiingereza kuna Stay With Me ya Ayobami Adebayo wa Nigeria, 2017. Mwanamke anaitwa Yejide ana saluni yake, hapati mtoto, ndugu wa mume wanamletea mke wa pili mpaka sebuleni, wanaingia wamekaa naye kama mgeni wa kawaida. Halafu anapanda mlima kwa nabii, kaambiwa aje na mbuzi mweupe, anaishia kumnyonyesha yule mbuzi. Nilicheka, kisha nikajisikia vibaya kwa kucheka, kisha nikaendelea mpaka saa tisa usiku na kesho yake nina zamu.


chai_ya_rangi:

Fundi unasema ati mtu kukaa anawaza sio hadithi, na wewe juzi si ulikuwa kwenye uzi wa mpira unaeleza dakika tisini timu imepiga pasi za nyuma tu na ukaiita mechi tamu 😂


fundi_wa_usiku:

Ile ilikuwa umiliki wa mpira. Tofauti.


Bint wa Kibokoni:

Assalaam alaykum. Mie nasoma tu hapa kimya ila naona mmetaja wanaume watupu kwa upande wa Kiswahili, Kezilahabi, Said Ahmed Mohamed, Shafi. Wazuri, sikatai. Lakini mwanamke akiandikwa na mwanamume mara nyingi utamwona amesimama mbele ya kioo, au amelia, au amependwa. Jikoni humwoni akifanya kazi, utaambiwa tu "alipika". Kapika nini? Nazi kakuna nani? Hiyo nazi ya kwanza na ya pili haina mwenyewe?

Mie niko Mombasa, na nawaambia mtafuteni Zainab Burhani. Mali ya Maskini ya mwaka 1981, halafu Mwisho wa Kosa, 1987. Mimi nilikuta nakala kwa shangazi yangu, imejaa madoa ya mafuta, maana alikuwa anasoma huku anakaanga mahamri na hakuficha. Mafunzo yamo, siwadanganyi, jina lenyewe la kitabu si linasema. Lakini mazungumzo ya wanawake yale, vile mtu anasema neno moja na mwenzake akajua amepigwa kijembe, hayo hayaandikwi na mtu aliyekuwa barazani nje. Lazima uwe ulikuwa ndani.

Na wa sasa kuna Zainab Alwi Baharoon, Mungu Hakopeshwa, ilipata tuzo ya Mabati-Cornell. Jina nalo litawatisha wale wasiotaka kujifunza 😄 lakini ingieni.


Msomaji_wa_Pantoni:

Waalaykum salaam dada. Hiyo ya nazi umenifanya niinuke kwenye kiti. Ndicho nilichokuwa nakitafuta na sikuwa na maneno yake. Kwenye Barua Ndefu bili zinatajwa, foleni inatajwa, watoto wakivuta sigara wanatajwa, shoga yake anamnunulia gari Fiat kwa sababu kachoka kumsikia anapanda mabasi, na mama wa makamo anajifunza udereva huku anaogopa. Nani anaandika mambo ya kuogopa klachi? Mtu aliyeogopa.

Fundi na wewe nakupa nusu. La Tamsir kweli. Ila mimi nadhani hasira ile isingekuwa na uzito bila zile kurasa ulizosinzia.


fundi_wa_usiku:

Nusu nimepokea. Mke wangu anasema nyingine anaidai yeye kwa sababu kitabu ni chake.


Mwalimu Mstaafu:

Bint wa Kibokoni, ahsante kwa kunisahihisha kwa adabu. Nimeangalia rafu yangu, waandishi wanawake wa Kiswahili ninao wanne, na viwili kati ya vitabu hivyo sijavifungua. Hivyo vya Burhani kwa huku bara nitavipata wapi? Nilizungukia maduka mawili, wanauza vya mitihani tu.


Bint wa Kibokoni:

Mwalimu, vipya ni shida hata huku, ilinibidi niulizie kwa wa mitumba. Shangazi hatoi kile chake, nilishaomba. Lakini nikipata cha pili nitakitia kwenye basi la Tanga.


Mwana wa Kikwajuni:

Na mie je? Boti zipo kila siku.


Msomaji_wa_Pantoni:

Mwezi huu zamu ni ya mwingine na kachagua cha upelelezi, maiti ipo ukurasa wa pili nimeshachungulia. Nitakwenda, nitakula biriani yake, kisha nitauliza huyo mjane wa marehemu mbona katajwa mara moja tu.