Soko jipya limekamilika, orodha ya vizimba imetoka na sisi hatumo. Tunaanzia wapi?

MamaTenga: Habari zenu wakuu, naombeni ushauri. Soko letu huku mkoani lilivunjwa lijengwe upya, tukahamishiwa uwanjani kwa muda, tukaahidiwa kila mtu atarudi kwenye kizimba chake. Juzi orodha imebandikwa, wenzangu wengi ninaouza nao nyanya toka tunapanga chini kwenye turubai hawamo, ila kuna majina hatuyajui hata sura na mengine tunayajua sana maana ni ndugu wa wakubwa. Ushuru nimelipa kila siku ya Mungu, lakini zile risiti za mashine zimefifia, karatasi nyeupe pe, nitaonyesha nini? Na waliobahatika kwenye jina wengine wametupwa ghorofani, mteja wa nyanya za buku atapanda ngazi kweli?

MzeeWaShimoni: Pole sana dada. Hilo la ghorofani msilichukulie poa. Machinga Complex pale Ilala ilifunguliwa 2010, jengo zuri tu, vizimba vikakaa vitupu miaka na miaka wakati machinga wenyewe wako barabarani chini, kwa sababu biashara ndogo inafuata miguu ya watu. Na sisi Kariakoo baada ya moto wa Julai 2021 tulitawanywa huku na huku, majina ya kurudi yalipotoka 2024 kelele zilikuwa hizohizo, na wenye madeni wakaambiwa walipe kwanza. Kwa hiyo hakikisheni mapema hamdaiwi, hicho ndo kisingizio cha kwanza cha kukutoa.

Karani77: Nimewahi kuwa kwenye kamati ya soko, ngoja niseme ukweli. Kizimba kimoja mara nyingi kina watu wawili, mwenye mkataba na anayeuza. Mwenye mkataba analipa halmashauri kodi kidogo, anampangisha mwenzie mara tatu na zaidi na kilemba juu (ile pesa ya kuachiwa kizimba), yeye sokoni haonekani. Soko likijengwa upya orodha inatolewa kwenye mikataba, hivyo anayerudi ni yule asiyewahi kushika hata sado, halafu hapohapo katikati ndo yanachomekwa majina ya diwani na ya mwenyekiti. Kwangu mimi haki ya kizimba ni ya anayeuza, basi. Ilitakiwa wahesabiwe pale walipokaa, meza kwa meza, kabla tingatinga halijaingia, na orodha ibandikwe siku hiyohiyo watu wapinge wenyewe.

Dogo_Fremu: Mi naona wapige mnada wazi tu, mwenye dau kubwa achukue, undugu unaisha na halmashauri inapata mapato

MamaTenga: Mdogo wangu mnada nitashindana na mwenye fremu nne mjini? Atachukua vizimba kumi halafu anipangishie mimi, tunarudi kulekule.

MzeeWaShimoni: Kweli kabisa. Tena siasa ipo ndani, mwaka wa uchaguzi mmachinga haguswi, kile kitambulisho cha mmachinga cha shilingi 20,000 cha Desemba 2018 tuliambiwa ukiwa nacho hubughudhiwi, tukapiga kura 2020, mwaka uliofuata tu mgambo wakabomoa vibanda. Ahadi ya mdomo haina kazi, takeni maandishi.

Karani77: Dada fanyeni hivi. Msiende mmoja mmoja, maana mmoja anapewa kizimba ananyamaza. Andikeni majina ya waliokuwa wanauza kwa mistari, nani alikaa jirani na nani kushoto kulia, majirani wasaini kuthibitisha, hapo risiti kufifia haitawaumiza sana, na kumbukumbu za malipo ziombeni halmashauri maana mashine inatunza. Barua iende kwa mkurugenzi, nakala kwa mkuu wa wilaya, na nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Ombeni mambo mawili tu: orodha ihakikiwe mbele ya wauzaji wote na mkataba mpya ukataze kupangisha. Nyanya na mboga zidaini chini, nguo na vyombo ndo viende juu. Na fanyeni wiki hii, funguo zikishagawiwa kumtoa mtu ni kesi ya miaka.