Kuhamisha klasta ya PostgreSQL kutoka CentOS 7 bila kusimamisha huduma: naomba mpango wangu ukosolewe

Mtunza_Rejesta

Ndugu wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia kanzidata ya chama cha ushirika wa akiba na mikopo, na ninaomba mnikosoe mpango huu kabla sijaupeleka kwa mkuu wangu wa idara.

Klasta yetu, yaani kundi la seva zenye nakala za kanzidata moja, ina seva tatu za PostgreSQL 15 zinazosimamiwa na Patroni, ambayo humteua kiongozi anayeandikiwa data huku wafuasi wakiinakili. Seva mbili zimo katika chumba kimoja na ya tatu iko katika jengo jingine, na etcd, hifadhi ndogo ambamo Patroni huandika nani ni kiongozi, inaendeshwa ndani ya seva hizo hizo. Programu zetu huunganishwa na PgBouncer, inayozigawia miunganisho ya kanzidata, nayo PgBouncer hupitia HAProxy, inayoelekeza miunganisho kwenye seva husika, ili kumfikia kiongozi wa klasta. Mchana makarani wa matawi ndio wenye kazi nyingi, lakini marejesho ya mikopo kwa njia ya simu huingia saa 24, kwa hiyo ule utaratibu wa zamani wa kubandika tangazo kwamba mfumo utazimwa usiku wa Jumapili hauvumiliki tena. Muamala ukikataliwa upande wetu, mara nyingi mwanachama huwa amekwisha kukatwa fedha upande wa simu, na asubuhi idara ya hesabu hushinda ikilinganisha taarifa za pande mbili.

Seva zote zinatumia mfumo endeshi wa CentOS 7, ambayo iliacha kupokea viraka vya usalama tarehe 30 Juni 2024, na wakaguzi wametuagiza tuhamie Rocky Linux 9. Ninakusudia kumtoa mfuasi mmoja, kumsakinishia Rocky Linux 9 pamoja na PostgreSQL 15 ile ile, kumrudisha katika klasta anakili data kutoka kwa kiongozi, kisha kufanya vivyo hivyo kwa mfuasi wa pili. Baada ya hapo nitahamisha uongozi na kushughulikia seva iliyobaki.

Maswali yangu ni mawili. Je, kuna haja ya kutumia amri ya `patronictl pause` muda wote wa kazi hiyo? Na nitahamishaje uongozi bila programu kuona hitilafu? Katika mazingira ya majaribio uhamisho huchukua sekunde chache tu, lakini programu hurusha makosa ya muunganisho hata baada ya kiongozi mpya kuwa tayari.

Fundi_wa_Zamu

Ndugu Mtunza_Rejesta, nianze na `pause` kwa kuwa ndiyo rahisi: usiitumie. Amri hiyo huizuia Patroni kumteua kiongozi mpya yenyewe, maana yake ni kwamba kiongozi akianguka wakati mfuasi mmoja yuko nje, hakuna atakayechukua nafasi yake hadi wewe mwenyewe uamke na kuingilia kati. Matengenezo ya mfuasi hayahitaji hilo. Mwekee mfuasi huyo alama za `nofailover` (asiteuliwe kiongozi) na `noloadbalance` (asipelekewe maswali ya kusoma), subiri HAProxy iache kumpelekea maswali ya kusoma, kisha mzime.

Jambo la kuchunga zaidi ni etcd, kwa kuwa umeiweka katika seva hizo hizo. Wanachama watatu wa etcd huvumilia kupotea kwa mmoja tu. Ukiizima seva moja umebaki na akidi kamili isiyo na ziada, na mtandao kati ya majengo yenu ukikatika katika dakika hizo, huenda kiongozi akajishusha cheo na kukataa uandishi wote wa data ingawa PostgreSQL yenyewe ni nzima. Patroni 3.0 ilileta mpangilio wa `failsafe_mode` unaomruhusu kiongozi aendelee ikiwa bado anawasiliana na wenzake wote, lakini kwa maoni yangu ni heri kuihamishia etcd kwenye mashine nyingine ndogo kabla ya kuanza kazi hii.

Kuhusu swali la pili, makosa unayoyaona hayatoki kwenye klasta. Kiongozi wa zamani anapozimwa, miunganisho yote iliyokuwa kwake hukatwa, na miamala iliyokuwa katikati hufutwa. Kinachoweza kuficha hali hiyo ni PgBouncer. Amri yake ya PAUSE husubiri miamala inayoendelea imalizike, huachia miunganisho ya upande wa kanzidata, na huwaweka wateja wapya kwenye foleni badala ya kuwarudishia kosa. Unahamisha uongozi, unatoa RESUME, na programu huona tu kwamba swali moja lilichelewa. Muda wa kawaida wa kusubiri kwenye foleni ni sekunde 120, unaotosha kabisa. Ikiwa mna PgBouncer zaidi ya moja, amri hiyo ipelekwe kwa zote.

Sharti lake ni kwamba PgBouncer iwe inagawa miunganisho kwa muamala, yaani muunganisho hurudishwa kila muamala unapomalizika. Ikiwa inagawa kwa kikao, PAUSE itasubiri mteja mwenyewe aondoke, na programu zenye miunganisho ya kudumu haziondoki. Nashuku hapo ndipo ulipo. Vilevile toa amri ya CHECKPOINT kwa kiongozi dakika moja kabla ya PAUSE, ili wakati wa kumzima asianze kuandika kwenye diski data nyingi iliyokuwa bado kwenye kumbukumbu huku foleni ikirefuka, na hakikisha hakuna ripoti ndefu ya mwisho wa mwezi inayoendelea.

Nodi_ya_Tatu

Ninakubaliana na Ndugu Fundi_wa_Zamu kuhusu uhamisho wa uongozi, lakini ninaomba mpango wenyewe usimamishwe kwanza. Mpango huu ungefaa kwa viraka vya kawaida ndani ya toleo lile lile la mfumo endeshi. Kwa safari ya kutoka CentOS 7 hadi Rocky Linux 9 utaharibu faharasa zenu, yaani orodha zilizopangwa ambazo kanzidata hutumia kutafuta safu haraka, na utaziharibu kimya kimya.

Sababu ni glibc, maktaba ya msingi ya mfumo endeshi. Kwa kawaida PostgreSQL haipangi maneno yenyewe, bali huiuliza glibc neno lipi litangulie. CentOS 7 ina glibc 2.17 na Rocky Linux 9 ina 2.34, na katikati yake kuna toleo 2.28 la mwaka 2018 lililobadilisha kanuni za mpangilio wa herufi kwa kiasi kikubwa. Mfuasi hupokea faharasa zikiwa nakala ya baiti kwa baiti kutoka kwa kiongozi, zimepangwa kwa kanuni ya zamani, kisha huzisoma kwa kanuni mpya. Ni sawa na kutafuta jina katika daftari lililopangwa na mtu mwenye alfabeti nyingine: unafungua ukurasa unaostahili, hulioni, unasema halimo.

Unaweza kulithibitisha kwa amri moja. Endesha hii kwenye seva ya sasa, kisha kwenye mashine yoyote ya Rocky Linux 9:

`( echo "1-1"; echo "11" ) | LC_COLLATE=en_US.UTF-8 sort`

Ya zamani itatanguliza 11, na mpya itatanguliza 1-1. Sasa jiulize namba zenu za uanachama zinaandikwaje. Mwanachama atatafutwa na hataonekana. Kibaya zaidi ni pale mfuasi huyo atakapokuwa kiongozi: faharasa inayolinda upekee itatafuta mahali pasipofaa, haitaikuta namba iliyopo, na itaruhusu ya pili iingizwe. Patroni haitagundua lolote, kwa kuwa kwake nodi ni nzima na haijachelewa hata baiti moja.

PostgreSQL 15 yenyewe huweka kumbukumbu ya toleo la mpangilio wa kanzidata, hivyo itatoa onyo unapounganisha. Onyo halizuii kitu, na ukitoa amri ya kuliondoa kabla ya kujenga faharasa upya utakuwa umeizima king'ora huku moto unawaka.

Mtunza_Rejesta

Ninawashukuru nyote wawili. Nimeendesha amri hiyo kwenye seva zetu na kwenye mashine ya majaribio, na matokeo ni kama Ndugu Nodi_ya_Tatu alivyosema. Namba zetu za uanachama huanza na herufi za tawi, hufuata kistari, kisha tarakimu, nazo ndizo ufunguo wa jedwali la wanachama. PgBouncer nayo kweli imewekwa kugawa kwa kikao, kwa sababu programu ya makarani hutumia maswali yaliyotayarishwa awali, ambayo kanzidata huyakumbuka ndani ya kikao kimoja tu.

Je, siwezi kuendelea na njia ile ile, kisha nikajenga upya faharasa za maandishi kwa REINDEX CONCURRENTLY mara tu baada ya kuhamisha uongozi? Amri hiyo haizuii watu kuandika.

Mhandisi_Mkimya

Unaweza, na kwa kanzidata ndogo mimi ningefanya hivyo. Nadhani Ndugu Nodi_ya_Tatu ameifunga njia hiyo mapema mno. Tambua tu kwamba mfuasi hawezi kujenga faharasa zake mwenyewe, kwa hiyo ujenzi utaanza baada ya kiongozi mpya kushika nafasi, na kuanzia wakati huo seva yoyote iliyobaki kwenye CentOS 7 haifai tena kusomwa wala kurudishiwa uongozi. Faharasa za namba na za tarehe haziguswi, wala zile za maandishi zilizotangazwa kwa mpangilio wa "C", kwa kuwa huo hulinganisha baiti tu.

Kuna hatua moja inayopunguza hatari. Kabla ya kuhama, ukiwa bado kwenye CentOS 7, jenga kwa CREATE UNIQUE INDEX CONCURRENTLY faharasa ya ziada ya upekee kwenye namba ya uanachama, ukiitaja kwa COLLATE "C". Faharasa hiyo ni sahihi kwenye mifumo yote miwili, kwa hiyo hakuna namba itakayojirudia hata wakati faharasa nyingine zimevurugika. Baada ya ujenzi, kagua kila faharasa kwa kiendelezi cha `amcheck`.

Kuhusu maswali yaliyotayarishwa awali, PgBouncer kuanzia toleo 1.21 inayamudu hata inapogawa kwa muamala, mradi uweke `max_prepared_statements` juu ya sifuri. Hicho si kisingizio tena cha kubaki kwenye vikao, ingawa ni lazima programu ijaribiwe kwanza, hasa ikiwa inatumia majedwali ya muda au kufuli za kikao.

Nodi_ya_Tatu

Faharasa ya "C" ni wazo zuri na ninalipokea, lakini inalinda wakati wa kuandika data tu. Haimsaidii karani anayetafuta, kwa sababu swali lake litaendelea kupitia faharasa iliyovurugika hadi ile ya mwisho ijengwe. Kwa chombo cha fedha, jibu la uongo ni baya kuliko huduma iliyosimama: karani akiambiwa mwanachama hana mkopo, atamwandikia mpya. Kwa hiyo nashikilia kwamba hapa njia sahihi ni kujenga klasta ya pili kwenye Rocky Linux 9 na kuihamishia data kwa unakili wa kimantiki, unaopeleka safu zenyewe badala ya baiti za diski, hivyo faharasa huzaliwa upya upande wa pili zikiwa na mpangilio mpya.

Kazi yake ni kubwa zaidi. `wal_level`, mpangilio unaoamua kiasi cha taarifa kinachoandikwa kwenye logi ya mabadiliko, ni lazima iwe `logical`, na badiliko hilo hudai PostgreSQL iwashwe upya. Fanya hilo kwa PAUSE ile ile iliyoelezwa na Ndugu Fundi_wa_Zamu, na utakuwa umepata fursa ya kuijaribu kwa kazi halisi kabla ya siku yenyewe. Kila jedwali linalorekebishwa linahitaji ufunguo msingi au utambulisho mwingine wa safu (REPLICA IDENTITY), la sivyo UPDATE na DELETE zitakataliwa mara tu utakapolichapisha, yaani kuliingiza kwenye orodha ya majedwali yanayonakiliwa. Mabadiliko ya muundo wa majedwali hayanakiliwi, kwa hiyo wasanidi programu waambiwe mapema kwamba muundo umefungwa. Namba za mfuatano nazo hazinakiliwi. Ukizisahau, risiti ya kwanza kwenye klasta mpya itajaribu kuchukua namba iliyokwisha kutumika.

Siku ya kuhama unatoa PAUSE, unahakikisha klasta mpya imepokea hadi nukta ya mwisho ya logi, unasogeza namba za mfuatano mbele, unafuta usajili (kiungo kinachopokea mabadiliko kutoka klasta ya zamani), na kabla ya kumruhusu yeyote kuandika unaanzisha usajili wa kinyume, kutoka mpya kwenda ya zamani, bila kunakili data iliyopo. Huo ndio mlango wenu wa kurudi nyuma. Kisha unaielekeza PgBouncer kwenye HAProxy ya klasta mpya, unatoa RELOAD ili isome usanidi upya, halafu RESUME. Tayarisha hatua hizo kama skripti iliyojaribiwa, kwa sababu kuzichapa kwa mkono kunaweza kuzidi zile sekunde 120.

Fundi_wa_Zamu

Nimesadikishwa, kwa chama cha fedha nami ningejenga klasta ya pili. Ninaongeza jambo moja ambalo huwapata wengi wanaounganisha unakili wa kimantiki na Patroni. Patroni hujiona kuwa mmiliki wa nafasi zote za unakili, yaani alama zinazoonyesha kila msomaji amefika wapi kwenye logi, na ikikuta nafasi isiyoitambua ambayo haitumiki wakati huo, huifuta. Mtandao ukikatika kidogo kati ya klasta zako mbili, usajili utapoteza nafasi yake na utalazimika kunakili kila kitu upya. Itangaze nafasi hiyo katika sehemu ya `slots` kwa `patronictl edit-config` kabla ya kuanzisha usajili, nawe usihamishe uongozi wa klasta ya zamani wakati unakili unaendelea.

Fanya hivyo pia kwenye klasta mpya kwa ajili ya usajili wa kinyume. Mtakapoamua kwamba hamrudi tena, futa usajili huo na uiondoe nafasi yake kwenye `slots` siku hiyo hiyo, kwa kuwa nafasi isiyo na msomaji huzuia logi zisifutwe na diski ya kiongozi mpya itajaa huku kila kipimo kingine kikionyesha kwamba klasta ni nzima.