Nilimdanganya binti yangu kuhusu mechi ya Jumapili, naombeni ushauri kabla ya Baltimore

Mgogo wa Ohio

Wakuu, salaam. Nitaandika kirefu kidogo, mnivumilie. Najua humu kuna wanaoufuata mpira wa Marekani, hasa sisi tulioko huku, na kuna wazazi. Nawahitaji wote.

Huu ni mwaka wangu wa 14 Cleveland. Binti yangu ana miaka 15. Browns, timu ya hapa Cleveland, tulianza kuifuata pamoja usiku wa Septemba 20, 2018, ilipowafunga Jets wa New York 21-17. Timu ilikuwa haijaonja ushindi tangu Desemba 2016, na msimu wa 2017 ilipoteza mechi zote 16. Usiku ule majirani walitoka vibarazani wakipiga masufuria. Mtoto alikuwa na miaka 9. Kesho yake akaniomba daftari.

Daftari lenyewe ni la majaribio ya nne. Kwa msioujua mchezo: timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10. Likifika la nne kocha anaamua: ajaribu tena, apige goli kama yuko karibu, au aupige mpira mbali kwa mguu na kumwachia mpinzani. Binti yangu alikuwa anaandika kila moja: dakika, yadi zilizobaki, kocha kaamua nini, yeye angeamua nini. Ukurasa wa Januari 17, 2021, mechi ya mchujo na Kansas City, bado naukumbuka. Tuko nyuma 22-17, zimebaki dakika nne na ushee, jaribio la nne na yadi 9. Kocha Stefanski akaamua wapige mbali. Mpira hatukuugusa tena. Chini ameandika kwa kalamu nyekundu: "Kwa nini?" Ameirudia mara tatu.

Machi 2022 timu ikamchukua Deshaun Watson, mrusha pasi wa Houston, wakati zaidi ya wanawake 20 wamemfungulia kesi za madai wakisema aliwafanyia vitendo vya aibu walipokuwa wakimkanda. Yeye alikana. Baadaye ligi ilimfungia mechi 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5. Binti yangu aliniuliza swali moja tu: "Baba, walijua?" Nikamwambia walijua. Daftari likaishia hapo. Jezi namba 4 niliyomnunulia nikidhani itamchangamsha iko kabatini na kilebo chake.

Sasa Jumapili iliyopita, Oktoba 20, 2024, nilikwenda uwanjani na wenzangu wa kazini. Tulicheza na Cincinnati. Mpira wa kwanza kabisa wa mechi, yule kijana wao akakimbia nao uwanja mzima. Robo ya pili Watson akaanguka bila kuguswa na mtu, mshipa wa kisigino umekatika. Na watu wakashangilia. Si wote, lakini sauti ilisikika vizuri. Nami nikapiga makofi. Mara tatu, kisha nikaona amejifunika uso kwa taulo kwenye kile kigari cha majeruhi, nikaacha.

Nilipofika nyumbani binti yangu alikuwa ameshaona yote kwenye TV. Alikuwa amemsikia mchezaji wetu Myles Garrett akiwakemea mashabiki, na mwenzake Jameis Winston pia. Akaniuliza, "Na wewe ulishangilia?" Nikasema hapana.

Jana ameniambia kwa kuwa Watson hatacheza tena msimu huu, yuko tayari kuja nami Jumapili hii tukicheza na Baltimore. Miaka miwili na nusu nimeingoja sentensi hiyo. Tiketi mbili ninazo. Nimwambie ukweli sasa na pengine nimpoteze tena, au ninyamaze tuende?

Yadi Kumi

Mkuu, unajitesa bure. Watu hawakushangilia maumivu, walishangilia mwisho wa mkataba mbaya kuliko yote katika ligi. Hebu hesabu: nafasi zetu tatu za raundi ya kwanza za kuchagua wachezaji chipukizi zilikwenda Houston, dola milioni 230 za miaka mitano, zote za uhakika hata asipocheza. Na kaanza mechi 19 tu katika misimu mitatu! Mwaka jana akaumia, akaja Joe Flacco, mzee wa miaka 38 aliyekuwa nyumbani kwenye kochi, akatufikisha kwenye mchujo. Shabiki analipa, ana haki ya kutoa hasira.

Na tusisahau, majopo mawili ya raia kule Texas yalikataa kumfungulia mashtaka ya jinai. Mweleze binti hivyo, mwende uwanjani.

Mgogo wa Ohio

Yadi Kumi, nakuheshimu, hesabu zako ni sahihi. Lakini mimi najua nilichokuwa nakipigia makofi, na haikuwa mkataba.

Mama wa Minneapolis

Kaka yangu, pole. Mwambie. Na mwambie kabla ya mechi, si baada.

Mimi nina mabinti watatu. Mtoto aliyeuliza "walijua?" akiwa na miaka 12 au 13 hakuwa anauliza habari za mpira. Alikuwa anauliza kama watu wazima wakijua jambo baya wanaweza kuendelea kama vile hawajui. Ukampa jibu la kweli siku ile, ndiyo maana hata leo anakuja kwako kuuliza. Ukimpeleka uwanjani na uongo mfukoni, siku akimsikia mwenzako wa kazini akisema "baba yako alipiga makofi," atakuwa ameketi katikati yenu.

Halafu angalia: yule mchezaji anamchukia kuliko unavyomchukia wewe, lakini binti ndiye aliyesikitika watu waliposhangilia. Huyo mtoto umemlea vizuri. Usimwogope.

Mkenya Baltimore

Poleni majirani. Mimi niko upande ule mwingine Jumapili, lakini hii imenigusa, kwa sababu sisi yalitukuta 2014. Ray Rice, mchezaji wetu, alimpiga mchumba wake ndani ya lifti. Kwanza ligi ikamfungia mechi mbili tu, na wengi wetu tukasema sawa, amekosa, asonge mbele. Septemba video ya ndani ya lifti ikatoka, timu ikamwachilia siku hiyo hiyo. Alhamisi ya wiki ile tulicheza na Pittsburgh na bado niliona jezi namba 27 kila mahali, hata wanawake wamevaa. Timu ikatangaza watu waje wabadilishe hizo jezi, maelfu wakapanga foleni.

Mimi nilikuwa kwenye hiyo foleni na yangu imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Mbele yangu kulikuwa na mzee na mjukuu wake wa kike. Mtoto anamuuliza mbona wanairudisha, na mzee anajibu polepole, bila kuficha kitu, hadi tukafika mlangoni. Sijawahi kusahau. Mwambie msichana wako, ndugu.

Benchi la Juu

Nakubaliana na Mama. Ila kuna jambo hamjaligusa. Anayeanza Jumapili kama mrusha pasi badala ya Watson ni Winston. Mwaka 2018 ligi ilimfungia mechi tatu kwa alichomfanyia dereva mwanamke wa teksi 2016, akaomba radhi hadharani. Binti anayeandika daftari la namna hiyo atalijua hilo kabla ya robo ya kwanza kwisha, kama halijui tayari. Kama sharti lake la kuja ni kwamba Watson hayupo, basi mpe habari yote aamue mwenyewe.

Yadi Kumi

Hapo kwa Winston nimekaa kimya kidogo. Nilikuwa nimesahau. Mgogo, nafuta ile kauli yangu ya kwamba unajitesa bure.

Mgogo wa Ohio

Wakuu, naleta mrejesho. Leo ni Jumatatu.

Nilimwambia Jumamosi usiku, tunamenya viazi. Nilisema, "Jumapili uliniuliza kama nilishangilia, nikakudanganya. Nilipiga makofi." Hakuinua kichwa. Akamaliza kiazi alichoshika, akauliza, "Mara ngapi?" Nikamwambia tatu. Akauliza kwa nini niliacha, nikamweleza habari ya taulo. Akanyamaza muda mrefu.

Kisha nikaleta la Winston. Alikuwa analijua tangu Jumanne. Alikuwa anangoja aone kama nitamwambia.

Hakuja uwanjani. Tiketi nilimpa mwenzangu mmoja na mkewe, nikabaki nyumbani, na sikumwuliza atakaa wapi. Robo ya tatu akatoka chumbani na daftari. Lile lile. Ameruka ukurasa mmoja mtupu, akaanza mwingine, akaandika tarehe.

Mlioangalia mnajua ilivyokwisha. Tuko nyuma 24-23, beki wao Hamilton anaushika mpira ambao ungetumaliza, unamponyoka. Mchezo unaofuata Winston anamrushia Cedric Tillman yadi 38, tachidauni, yaani mpira umefika mwisho wa uwanja wao, zimebaki sekunde 59. 29-24. Mkenya, pole, ila nimepiga kelele hadi koo likakauka. Yeye alikuwa anaandika. Baadaye akanigeuzia ukurasa: kwenye jaribio moja alikuwa ameandika kwamba Stefanski alikosea tena, na tukabishana hadi saa tano usiku, mimi nikimtetea kocha na yeye akinitajia yadi.

Mama wa Minneapolis, asante sana. Benchi la Juu, asante. Jumapili ijayo Chargers wa Los Angeles wanakuja hapa. Nimemwuliza kama tununue tiketi mbili. Amesema nimwulize Ijumaa.