Naomba ushauri: filamu ya kimya kingi kwenye banda la video

Habari zenu wadau. Niko Moshi, Majengo. Jirani mwenye banda la video amenipa nafasi Jumapili mchana nionyeshe filamu ninazozipenda. Ninayoipenda kuliko zote ni Tokyo Story, filamu ya Kijapani ya mwongozaji Ozu, ya mwaka 1953: wazee wanaenda mjini kuwatembelea watoto wao, wanakuta kila mtu ana shughuli zake. Kamera imetulia chini, karibu na sakafu, haikimbilii kitu. Nadhani uzito wake uko hapo, unaachwa uwatazame wazee hadi uwakumbuke wa kwenu.

Nilijaribu kumtumia DJ atafsiri kwa sauti filamu ikiendelea, kama kawaida ya banda, akaujaza kila ukimya maneno (ndiyo kazi yake, simlaumu). Nikaiweka na maandishi ya Kiingereza chini, akina mama wakashindwa kufuata, wakaondoka. Iliniuma, maana hadithi ni yao kabisa.

Je, DJ asimulie kisa kwanza halafu anyamaze, atafsiri mazungumzo muhimu tu? Kuna aliyewahi kufanya hivyo? Na kama ni kuwazoesha kwanza, nianze na Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, kwa kuwa ni ya Kiswahili, au kuna nyingine tulivu zaidi?