Kaseti ya Kibuye imenilia wiki mbili za Mega Man Zero

Jameni, nina hasira na sitaki kuambiwa nitulie.

Nilinunua kaseti hii ya gemu ya Mega Man Zero soko la Kibuye, hapa Kisumu, siku ya Jumapili, kwa jamaa anayetandaza chaja na rimoti kuukuu chini ya mwavuli. Shilingi 1,800. Nikamuuliza mara mbili, "Ndugu yangu, hii inasevu?" Akaapa kwa mamake kwamba ni orijino. Nikaichomeka kwenye Game Boy Advance, mashine ya gemu ya mkononi niliyoachiwa na binamu, ikawaka, nikaenda zangu Nyalenda nikitabasamu kama mjinga.

Wanaoijua gemu hii ya 2002 wanajua haina huruma. Mwanasayansi Ciel na roboti waasi wanakimbizwa na askari wa dola ya Neo Arcadia, Passy, kijiroho cha kompyuta (cyber-elf), anajitoa mhanga ili Zero, roboti shujaa unayemchezesha, aamke, na kuanzia hapo ni kichapo tu. Upanga wenyewe unaupewa ukiwa tayari umebanwa kwenye kona na Golem, lile roboti kubwa. Halafu haukati vizuri mpaka uutumie sana ndipo Zero ajifunze mapigo mapya. Ukiacha misheni katikati, umeshindwa, hairudi tena. Wale cyber-elf wa kukusaidia nao unawalisha fuwele weee, ukimtumia mmoja anakufa, na bado mwisho wa misheni unakatwa alama kwa kusaidiwa! Mwalimu gani huyo?

Lakini hayo sikulalamikia. Harpuia, mmoja wa mabosi wa gemu, alinipiga usiku kucha na nikasema sawa, kosa ni langu, nimeruka mapema. Nilicheza nimeinamia taa ya mezani kwa sababu kioo cha mashine hii hakina mwanga wake. Stima ikipotea, nilitumia tochi ya simu. Shingo inauma hadi leo. Nikafika karibu kabisa na Copy X, bosi wa mwisho, nikasevu, nikalala.

Asubuhi nawasha: hakuna kitu. Ukurasa mweupe. Naambiwa nianze upya, Passy akafe tena.

Nikaipeleka kwa fundi Kondele. Kabla hajaifungua alicheka. Kaseti halali hufungwa kwa skrubu yenye tundu la umbo la Y, yangu ina ya msalaba kama ya redio. Ndani, kwenye bodi, hakuna jina la Nintendo popote, na kuna kibetri cha duara kama cha saa, ndicho kinachotunza sevu, kimechomelewa upande mmoja tu. Upande wa pili umeshikiliwa na selotepu. Selotepu, watu wangu! Wiki mbili zangu zilikuwa zinaning'inia kwenye selotepu.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kibuye. Jamaa akaniambia, "Wewe buda, si uliichukua ikicheza?" Kurudisha pesa hataki, kubadilisha hataki. Akaniuzia rimoti.

Nishindwe na Copy X, hiyo naimeza. Kushindwa na selotepu siimezi. Kwa hivyo nimeanza upya na safari hii siizimi mashine. Fundi ameahidi kibetri kipya lakini anasubiri mzigo, basi nacheza, nala, narudi nacheza, iko palepale mezani inawaka tangu jana saa mbili usiku na betri zake mbili za tochi. Nimefika jangwani kwa bosi Anubis.

Na sasa hivi naandika haya, kataa ka kijani pembeni kamegeuka kekundu, na duka la hapa chini limefungwa.