Tupeane uzoefu: kuuza hisa ukiwa huku Nyanda za Juu, pesa ikitakiwa wiki hii

Igawilo (mleta mada)
Kamwene wa Iringa, wa Mbeya poleni na baridi. Mvua zinakaribia, watu wameanza kuulizia bei ya mbolea, na Januari ada ziko mlangoni. Ndiyo miezi ambayo mwenye hisa hugundua kwamba kununua kulimchukua dakika kumi kwenye simu, lakini kuuza ni shughuli nyingine. Mada za kununua zipo tele. Hapa naomba tuongelee kutoka tu: oda inakwama wapi, pesa inafika lini, na pesa gani haifai kabisa kuingia kwenye hisa.

Naanza na mtiririko wenyewe. Ukituma oda ya kuuza kwa Hisa Kiganjani (programu ya simu ya Soko la Hisa la Dar es Salaam) au kwa dalali wa hisa, hisa inakuwa imepelekwa sokoni, bado haijauzwa. Inauzika akipatikana mnunuzi wa bei yako. Ikishauzwa unahesabu siku tatu za kazi za malipo, halafu dalali ndiye anakutumia benki au kwenye simu. Ukiuza Alhamisi, pesa ni Jumanne au Jumatano. Katikati kukiwa na sikukuu, ongeza siku. Hiyo ni kwa hisa yenye wanunuzi. Isiyo na wanunuzi haina hesabu.

Mafinga mjini
Umegusa penyewe, ndugu. Watu wanatazama bei peke yake, hawatazami idadi ya hisa zilizobadilishana mikono. Taarifa ya soko ya kila siku ina safu ya idadi, isome kabla hujanunua. Chukua siku ishirini za soko, jumlisha idadi, gawanya kwa ishirini. Ukipata wastani wa hisa 300 kwa siku na wewe unazo 9,000, ni siku thelathini za soko, yaani mwezi na nusu, na hapo umechukua wanunuzi wote peke yako, jambo ambalo halitokei. Ukijaribu kuziuza zote wiki moja utaishusha bei wewe mwenyewe.

Kipimo cha kufaa: usiwe na hisa nyingi kuliko zinazouzika sokoni ndani ya siku tano za kawaida. Kaunta (yaani hisa za kampuni moja sokoni) kubwa kama CRDB na NMB mkulima wa kawaida hafikii kikomo hicho. Kaunta ndogo unakifikia kwa laki chache tu.

Tukuyu
Kweli tupu. Safu ya idadi.

Mwanjelwa
Mnawatisha watu bure. Ukitaka pesa haraka weka oda ya bei ya soko, inauzwa pale pale, biashara imeisha.

Igawilo
Hapana kaka, hiyo ndiyo inaumiza watu. Oda ya bei ya soko kwenye kaunta nyembamba inamfuata mnunuzi yeyote aliyepo. Kama wa kwanza anataka hisa 200 kwa 1,000 na anayefuata yuko 900, zako 200 zinaenda kwa 1,000 na zilizobaki zinateremka hadi 900. Weka bei kikomo, yaani bei ya chini kabisa unayokubali. Angalia bei ya juu ambayo wanunuzi wameweka sasa hivi na idadi wanayotaka, uza kiasi hicho kwanza, kingine weka juu kidogo usubiri. Na angalia muda wa oda: ya siku moja inakufa jioni, asubuhi mtu anadhani bado iko sokoni kumbe haipo.

Mwanjelwa
Kwa kaunta kubwa bado nasimamia nilichosema. Kwa ndogo, sawa, nakubaliana nawe.

Kihesa
Ongezeni gharama. Kununua kunakula zaidi kidogo ya asilimia 2 ukijumlisha dalali, soko, mamlaka ya masoko ya mitaji (CMSA) na daftari kuu linalotunza hisa (CSDR), na kuuza vilevile. Weka asilimia 2 hadi 2 na nusu kila upande. Ukinunua za 500,000, zimeondoka kama 10,000 hadi 12,500 siku ya kwanza. Hisa inabidi ipande asilimia 4 au 5 ndipo urudi pale ulipoanzia. Kwa hiyo yule anayeweka pesa ya mbolea Julai ili aitoe Novemba ameanza akiwa amepungukiwa.

Ubaruku
Swali la mpunga. Tunavuna Mei hadi Julai, pesa inakaa bure mpaka maandalizi ya msimu. Sasa ikae wapi kama si hisa?

Kihesa
Mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, mkuu, ule wa uwekezaji wa pamoja ambao unanunua vipande. Hakuna makato ya kutoka, na ukiomba pesa inakuja ndani ya siku chache za kazi. Bei ya kipande inasogea taratibu kila siku. Pesa yenye tarehe ikae huko. Kwenye hisa weka ile ambayo hata mvua zikigoma hutaigusa miaka mitano.

Vwawa
Napenda kuuliza kuhusu kaunta ambayo haiuziki kabisa. Si polepole, KABISA. Inakuwaje?

Mafiati
Hapo ndipo penye somo kubwa, na naomba wenye hisa wote walisome taratibu. Mfano wake ni NICOL, kampuni ya uwekezaji. Iliingia Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 2008, ikaondolewa kwenye orodha mwaka 2011, ikarudi mwaka 2018. Hesabu mwenyewe: miaka saba. Mtoto aliyekuwa darasa la kwanza akamaliza la saba, na hisa zipo tu.

Hisa ikifutwa kwenye orodha, haijafa. Hilo watu wengi hawalijui. Jina lako linabaki kwenye daftari la wanahisa, kampuni inabaki kampuni, haki ya kuingia mkutano mkuu na kupiga kura inabaki, na gawio likitangazwa ni lako. Kinachokufa ni soko. Hakuna bei ya kila siku, hakuna pa kuweka oda, dalali hana cha kukufanyia. Unaweza kumhamishia mtu kwa makubaliano ya wawili, fomu ikapita kwa msajili wa hisa wa kampuni, ila bei ni ya kupatana, na anayejua una shida atakupa bei ya shida.

Dalili huja mapema, na zote ziko wazi. Ya kwanza ni hesabu zilizokaguliwa kuchelewa. Kampuni inayofunga mwaka Desemba, ukiona Aprili imepita kimya, uliza. Ya pili, soko linatoa onyo au linasimamisha kaunta kwa muda. Ya tatu, mkutano mkuu hauitishwi au unaahirishwa bila tarehe. Ya nne, mkaguzi ameandika maoni yenye mashaka: hiyo iko kurasa za mbele za hesabu, siyo mwisho, na ndiyo watu wanairuka. Dalili mbili kwa pamoja zinatosha kuanza kupunguza, hata kwa hasara, kwa sababu dalili ya tatu ikija mnunuzi hayupo.

Na ikishafutwa, usitupe karatasi, usimuuzie mtu wa mtaani kwa bei ya kutupwa. Wenye NICOL walioshika daftari lao vizuri waliikuta inauzika tena 2018.

Vwawa
Ndaga fijo. Hii ningeomba iwe mada yake.

Uyole
Miaka saba! Kwa hiyo mwanahisa aliyefariki katikati?

Mafiati
Familia inahitaji msimamizi wa mirathi. Muhtasari wa kikao cha ukoo, cheti cha kifo cha RITA, mahakama inamteua msimamizi, barua ya uteuzi inapelekwa kwa dalali na CSDR, hisa zinahamishiwa kwa warithi au kwa msimamizi ili auze. Wanaochelewa ni wale ambao hakuna nyumbani aliyejua namba ya akaunti ya CDS, ile akaunti yako ya hisa. Iandikeni kwenye daftari la nyumbani, pale penye hati ya shamba.

Mufindi
Ndiyo maana watu wetu wanapanda paini. Ukitaka pesa unauza shamba likiwa limesimama, mnunuzi anakuja mwenyewe na gari.

Kihesa
Paini nayo ina siku yake mbaya, mama. Ukiuza mti wa miaka nane kwa sababu ya ada, mnunuzi anajua bado mwembamba na anakupa nusu. Moto ukiingia Oktoba hauulizi mmiliki. Hisa hata ukiziuza vibaya umeuza kiasi unachotaka, huwezi kuuza robo ya mti.

Mufindi
Ila shamba naliona kwa macho yangu. Na ardhi inabaki. Hapo hatutaelewana.

Igawilo
Pande zote mna hoja, lakini turudi kwenye hisa tafadhali.

Mafinga mjini
Mfano wa huku kwetu Mafinga: MUCOBA, benki ya wananchi wa Mufindi, iliorodheshwa sokoni mwaka 2016, kwenye dirisha la kampuni zinazochipukia. Tunaipenda kwa sababu ni ya kwetu. Lakini upendo hauchukui nafasi ya safu ya idadi na hesabu za robo mwaka. Benki yoyote, kubwa au ndogo, pima namba mbili kwanza: mikopo chechefu (isiyolipwa kwa wakati) isizidi asilimia 5 ya mikopo yote, na gharama za uendeshaji zisizidi asilimia 55 ya mapato. Ndizo Benki Kuu inazitaka. Benki iliyo juu ya hapo gawio lake liko mashakani, na gawio likikosekana wanunuzi wanakimbia, unarudi kwenye tatizo lile lile la kutoka.

Soweto
Mimi naona hisa za shilingi mia mbili ndizo rahisi kuuza, maana kila mtu anazimudu.

Mafinga mjini
Siyo hivyo, dada. Urahisi wa kuuza uko kwenye safu ya idadi, si kwenye bei. Wala bei ndogo haina maana ya unafuu. Kampuni ya mfano yenye hisa ya 200 inayopata faida ya shilingi 8 kwa hisa, unalipia miaka 25 ya faida. Yenye hisa ya 5,000 na faida ya 1,000 kwa hisa, unalipia miaka mitano. Ya pili ndiyo nafuu.

Makambako
Na hatifungani za serikali je, zile za kuikopesha serikali? Huku wazee wa parachichi wanazisifu.

Kihesa
Kima cha chini kwenye mnada ni 1,000,000, kuponi (riba yake) inaingia mara mbili kwa mwaka. Ya 10,000,000 yenye kuponi ya asilimia 12 inakupa 600,000 kila miezi sita, bila kodi ya zuio kwa za muda mrefu. Gawio la hisa zilizoorodheshwa linakatwa asilimia 5. Lakini kutoka kabla ya muda napo kuna masharti: viwango vipya vikipanda, ya kwako ya zamani inauzwa chini ya shilingi 100 kwa kila 100 uliyokopesha. Panga kuponi ziangukie Januari na Julai, nusu ya ada imejilipa bila kuuza kitu.

Ubaruku
La mwisho. Gawio lilitangazwa, kwenye akaunti halijaingia.

Igawilo
Angalia mambo matatu, mkuu. Kama ulinunua baada ya tarehe ya hisa kuanza kuuzwa bila gawio, ni la aliyekuuzia. Kama ulinunua kabla, mara nyingi kosa ni jina: NIDA ina majina matatu, benki ina mawili, malipo yanarudi. Au laini ya simu uliyojisajili nayo ilishafungwa. Nenda kwa dalali wako na kitambulisho cha NIDA na taarifa ya benki ya karibuni, jaza fomu ya kubadili taarifa CSDR, kisha mwandikie msajili wa kampuni ukitaja namba ya CDS na mwaka wa gawio. Lililorudi linatunzwa kwa jina lako. Peleka kabla daftari la wanahisa halijafungwa kwa gawio la mwakani, vinginevyo na lijalo litarudi.

Ubaruku
Ni majina mawili. Jumatatu niko Mbeya.